Pikipiki ya Baba Haiji Tanga

S.L.P. 17,
Kibiti, Rufiji.
9 Agosti 1994

Mpendwa Baba Mkubwa Abdulaziz,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa arobaini ya baba sasa linakuruhusu kwenda msikitini bila fimbo. Mama Mkubwa Biasha hajambo? Presha yake imetulia? Na Rukaya ameshajifungua? Sisi huku ni wazima. Mama alishikwa na homa siku za mavuno, akanywa dawa, akarudi shambani kabla sijamruhusu. Mpunga mwaka huu umekubali. Nguruwe walikula upande wa bondeni, lakini tulichovuna kinatosha.

Barua hii anakuletea mwanao Dulla mwenyewe. Najua akiteremka kwenye basi utatazama nyuma yake, kisha utatazama juu ya basi. Usijisumbue. Pikipiki ya baba haimo katika mizigo yake. Iko hapa uani kwetu, chini ya paa la jiko, na itabaki hapa. Nimeona ni adabu nikuambie hilo mwanzoni, kuliko kukuzungusha kurasa tatu ndipo ulikute mwishoni.

Uliandika kwamba chombo cha ndugu yako hakifai kupandwa na mtoto wa kike, na kwamba Dulla ndiye kijana wa kiume wa ukoo, kwa hiyo ni chake. Nitakujibu yote mawili. Lakini kwanza nakuomba usome jinsi nilivyoifungua, maana kwa maneno yako naona unadhani niliifuta vumbi nikapiga kiki ikawaka.

Unakumbuka ushirika ulipovunjwa na vitu vyake kuuzwa, baba alibaki karani asiye na ofisi. Alichotoka nacho ni Honda ile aliyoiendesha miaka yote ya utumishi. Biashara iliporuhusiwa kwa kila mtu, akaanza kwenda nayo Nyamisati kununua kamba wakavu kutoka kwa watu wa visiwani. Lile usilolijua ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimrudisha. Likizo za shule, tukishapita nyumba za mwisho, alikuwa akishuka na kuniambia nishike usukani. Alikaa nyuma na gunia la kamba mapajani, kofia yake ameibana kwa magoti, mpaka tulipokaribia Kibiti tukabadilishana. Hatukumwambia mtu. Hata mama nimemwambia mwaka huu tu.

Alipougua, aliiacha kwenye banda la Mjomba Mtoro pale Nyamisati, kaka yake mama, anayetengeneza mashua. Hakurudi kuichukua. Ulipokuja kwenye arobaini na mirathi ikagawiwa, wewe ulipata mikorosho ya Mahege. Ni haki yako, shehe aliisema na hakuna aliyebisha. Ilipotajwa pikipiki, mtu mmoja akasema haizunguki hata gurudumu. Wewe ukasema, "Hiyo waachieni pamoja na masufuria yao." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia na wanawake, nikasikia kicheko chote mpaka kilipoisha.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Wenzetu waliotutangulia walimaliza wakaitwa kazini; sisi tumemaliza serikali ikiwa inapunguza watu badala ya kuwaajiri. Nilikuwa nakaa barazani na vyeti vyangu, nasikia watu wakiniuliza lini nitaolewa. Siku moja niliondoka bila kuaga, nikaenda Nyamisati, nikapanda na pikipiki kwenye lori la boriti nikaileta nyumbani. Ilibidi watu wanne waibebe kama jeneza.

Nilianza kwa Mussa, yule fundi wa karibu na stendi. Aliitazama, akaizunguka, akapiga tangi kwa kucha.

"Dada, hii imeshasaliwa," akasema. "Kilichobaki ni kuzika."

"Jaribu bolti moja."

Akapachika spana, akaongeza bomba la maji kwenye mkono wa spana ili apate nguvu, akaning'inia. Kichwa cha bolti kikakatika kwa mlio mdogo kama wa muwa. Shina lote likabaki ndani ya injini. Mussa hakushtuka. Alisema ziko nyingine nyingi kama hiyo na zote zitafanya vilevile, na kwamba kuna jamaa wananunua chuma chakavu. Nikaisukuma kurudi nyumbani huku magurudumu yakiburuza. Watoto wa mtaa walinifuata wakiimba, na sikugeuka.

Baba Mkubwa, nilikaa mbele ya ile pikipiki siku nyingi bila kugusa kitu. Nilikuwa naitazama tu. Sikutaka kukata bolti nyingine kabla sijajua kinachozishika. Niliona kutu, ndiyo, na chumvi nyeupe kwenye mikunjo, lakini juu ya vyote kulikuwa na ngozi ya rangi ya kahawia, ngumu, inayong'aa kama gundi iliyokauka. Nikaikwangua kwa kisu, nikainusa. Ilinuka mashua.

Mjomba Mtoro alipokuja kutoka Maparoni, kule visiwani, kuleta samaki nikamuuliza. Hakuficha.

"Shemeji yangu kafariki," akasema, "nikaona mali yake isiliwe na chumvi. Nikaipaka sifa kama ninavyopaka chombo changu. Ilipokauka nikarudia."

"Na ndani ya matundu ya bolti?"

"Hasa ndani ya matundu. Maji huingilia hapo."

Sifa, kama umesahau huko Tanga, ni yale mafuta ya papa wanayopaka mbao za vyombo. Mbao huyanywa, na yakikaa juani hukauka yakawa ngozi isiyopitisha maji. Chuma hakinywi. Mafuta yaliingia katikati ya nyuzi za bolti yakakaukia humo pamoja na chumvi, yakafunga kila kitu. Mjomba alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Basi wizi usingeipata. Mwizi angeivuta, angeondoka na banda langu lote." Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Na nikwambie ukweli, kila nilipokwangua ile ngozi nilikuta chuma chake kizima. Kutu ilikula pale tu ambapo mkono wa mjomba haukufika.

Nilijaribu dizeli, nikaloweka siku kadhaa. Ililainisha juu, ndani hakuna kitu. Nikakumbuka somo la fizikia: chuma kikipata joto hutanuka, na ile alumini nene ya injini hutanuka zaidi kuliko bolti iliyomo ndani yake. Ukiipasha moto injini pale pembeni ya bolti, tundu hufunguka kidogo. Ni kidogo mno, jicho halioni, lakini mafuta yanaona. Tatizo langu lilikuwa moto. Mussa ana mtungi wa gesi, lakini nilikwishaamua sirudi kwake.

Nikachukua pasi ya mkaa ya mama. Niliondoa tangi kwanza nikalipeleka kwa jirani ili kusiwe na petroli karibu, nikajaza pasi makaa, nikaipulizia hadi ikawa nyekundu ndani, nikaigandamiza ubavuni mwa injini kama ninayenyoosha kola.

Mama akatokea mlangoni. "Hiyo ni pasi yangu?"

"Naiazima."

"Ndiyo nipigie nguo za Ijumaa?"

"Nitaisafisha."

"Nikienda msibani nikinuka papa, nitawaambia ni wewe."

Nilisubiri mpaka mate yalipochemka kwenye injini. Kisha nikagusisha mshumaa kwenye shingo ya bolti. Nta ikayeyuka, na badala ya kuchuruzika chini ikavutwa ndani, taratibu, ikatoweka. Hapo nilijua njia ipo. Nikagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi. Nikapachika spana, na sikuizungusha kufungua. Nilikaza kwanza, kidogo sana, nikasikia kitu kikiachia. Ndipo nikalegeza, nikakaza tena, nikalegeza zaidi. Ikatoka ikilia, na moshi wenye harufu ya samaki. Niliishika mkononi ikaniunguza na sikuiachia upesi.

Nilizitoa hivyo moja moja. Wiki nyingine nilitoa nyingi, wiki nyingine hakuna. Kulikuwa na moja chini ya injini iliyonigomea mwezi mzima, na nilikuwa nikiamka naiwaza, nikiswali naiwaza, Mungu anisamehe. Kazi ile ilinifundisha kukaa na kitu kisichotaka kusogea bila kukiogopa wala kukivunja. Vyeti vyangu barazani havikunifundisha hivyo.

Ikabaki ile aliyoikata Mussa. Haikuwa na kichwa cha kushika. Mjomba Mtoro akaja na keke yake, ile drili ya upinde wanayotobolea mbao za mashua. Nilinunua ncha ya drili ya kutobolea chuma dukani, yeye akaichongea mpini wa keke. Nilisawazisha juu ya bolti kwa tupa, nikaweka alama katikati kabisa kwa ncha ya msumari, nikakandamiza kifuu cha nazi juu ya keke kwa mikono miwili, na mjomba akavuta upinde.

"Usihemee kichwani mwangu," akaniambia.

"Wewe usiyumbe."

"Nimetoboa vyombo kabla mama yako hajaolewa. Leo natoboa farasi wa Mjapani."

Tulikuwa tunapumzika kuongeza oili na kutazama kama tumekwenda sawa. Tulipofika ndani ya kutosha, nikachukua mkia wa tupa ya zamani, ule wenye pembe nne uliochongoka, nikaupigilia kwenye tundu mpaka ukauma. Pasi, mshumaa, kisha spana kwenye mkia wa tupa. Mjomba alikuwa amefumba macho. Ikasogea. Nyuzi za tundu zilibaki nzima, na bolti mpya iliingia kwa vidole.

Nimekuandikia haya yote si kwa kujigamba. Nataka ujue kwamba ile uliyoiacha na masufuria na hii unayoidai sasa si kitu kimoja.

Barua yako ilifika injini ikiwa imeshawaka, imebaki kufunga ekzosi. Sijui nani alikupelekea habari, na simtafuti. Niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikarudi kwenye bolti ya ekzosi niliyokuwa nayo, nikaivuta spana kwa hasira yote niliyokuwa nayo juu yako. Ikakatika. Kwa hiyo bolti moja imekatwa na Mussa na moja nimeikata mimi, na ya pili ilinitaabisha kuliko ya kwanza kwa sababu hapakuwa na wa kumlaumu. Niliitoa. Hasira bado ninayo, Baba Mkubwa, ila siitii tena kwenye spana. Nimeiweka humu.

Sasa nikueleze kilichotokea Dulla alipofika, kwa sababu yeye ataona haya kukisimulia.

Alikuja na lori la boriti linalokwenda Dar es Salaam. Alikuwa ameshakubaliana na dereva waipakie, huko mbele aihamishie kwenye gari la Tanga. Mimi nilikuwa nimekwenda Mahege kuchukua mikeka, kwa mguu, kwa sababu tairi lilikuwa kwa fundi wa pancha. Nilipokuwa narudi niliona lori mbele ya nyumba, nikakimbia. Nilikuwa nimeshajiandaa kupiga kelele mtaa mzima usikie. Na nilijua nitakuwa peke yangu, kwa sababu tangu barua yako ifike mama alikuwa akiniambia kila jioni, "Mpe, mwanangu. Tukae kwa amani na watu wa baba yako."

Niliingia uani nikamkuta mama amekaa juu ya pikipiki. Ilikuwa imeegemezwa ukutani bila gurudumu la nyuma, imekalia tofali. Amekaa upande, khanga ameifunga vizuri, ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe. Dulla amesimama mbele yake na kamba ya kufungia mzigo mkononi. Utingo wa lori yuko mlangoni.

"Mama mdogo, naomba ushuke kidogo tupakie," Dulla anasema.

"Nachagua mchele, mwanangu."

"Ungechagulia mkekani."

"Mkekani mgongo unaniuma. Hapa pananikalisha vizuri."

Lori likapiga honi. Utingo akasema dereva ana haraka.

"Mwambie aende salama," mama akamjibu. "Njia ya Mkuranga mbaya, asikimbize."

Dulla akanitazama mimi. Nikatazama pembeni. Nani pale uani angemshika mkono mjane wa baba yake mdogo amteremshe? Angekwenda kulisema wapi? Akachuchumaa mbele yake akapunguza sauti.

"Mama mdogo, baba atasema nini?"

"Atasema mke wa Mohamedi alikuwa amekaa. Waliniachia pamoja na masufuria, wewe ulikuwepo. Nimekalia sufuria langu."

Utingo ndiye aliyecheka kwanza. Lori likaondoka. Mama alimaliza ungo ule, akaniagiza nimletee mwingine, na hakushuka mpaka adhana ya alasiri. Alipoteremka miguu ilikuwa imekufa ganzi, na Dulla ndiye aliyemshika asianguke.

Mwanao si mtu mbaya. Alilala kwetu, akala vizuri, na siku iliyofuata alinisaidia kurudisha gurudumu. Aliniuliza bolti ngapi zilikuwa zimeshika, nikamwonyesha kopo nilimoziweka. Alizimimina mkononi akazigeuza moja moja. Akasema, "Mimi ningeiuza, dada." Akasema na wewe pia ungeiuza. Sikumuuliza zaidi.

Kuhusu aibu. Ninapoendesha navaa suruali ndani na gauni refu juu, na nimejitanda kuliko wasichana wengi wanaokwenda kwa miguu. Mara tatu kwa wiki ninakwenda Nyamisati. Wanawake wa Maparoni wananingoja na kamba wao wakavu, kwa sababu wenye malori huwapangia bei wapendavyo wakijua hawana njia nyingine ya kuwafikisha kamba hao barabarani. Sasa njia ipo, ndiyo mimi. Wenye malori wananisema vibaya kwa lugha ambayo usingependa kusikia mtu akimsemea mwanao. Ikiwa watakufikishia habari nyingine, basi ujue ni kwa nini wanaona vyema zikufikie. Mama halazimiki tena kulima akiwa na homa ili tupate chumvi na sabuni. Hiyo siiiti aibu, na sitaiita aibu kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu.

Na kuhusu Dulla kuwa kijana wa kiume wa ukoo, ni kweli, na mikorosho ya Mahege inamngoja. Imejaa majani. Msimu unakaribia na hakuna aliyekuja kuifyekea. Nilipita juzi nikaiona.

Usimtume mtu mwingine, Baba Mkubwa. Atamkuta mama amekaa.

Nisalimie Mama Mkubwa Biasha sana, mwambie mkeka wake nimeuanza kwa ukindu mwekundu alioupenda. Msalimie Rukaya, na aliyezaliwa au atakayezaliwa mumbusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, shemeji yake, anasema hana kinyongo. Mjomba Mtoro anasema ukiwa na kitu chochote usichotaka kiibwe, umpelekee akipake.

Na wewe mwenyewe ukitaka kuiona, njoo. Sisemi kwa kejeli. Teremka Kibiti, uulize stendi, watakuelekeza, au niandikie siku na nitakuja kukupokea nayo. Tutakwenda hadi Mahege ukaione mikorosho yako, kisha Nyamisati ukaone alipokuwa akishuka ndugu yako na kunipa usukani. Utakaa nyuma. Vyuma vya abiria kukanyagia navyo vilikuwa vimeshika pande zote mbili. Nimevifungua, kwa hiyo utakuwa na mahali pa kuweka miguu.

Mwenyezi Mungu akulinde, akuzidishie umri na akulainishie moyo juu yetu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kama nilivyompenda yeye,

Sihaba binti Mohamedi